Uchumi umekua, haya tufungue mashine tuone mafuta yameenda wapi

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kukamua alizeti. Karakana iko Dodoma mjini, lakini kuanzia mwezi wa tano, msimu unapochanganya, hunikuti huko. Niko Kibaigwa, niko Mlali, niko Chamwino, mara nyingine nasogea mpaka Manyoni na Singida, boksi la spana limefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Nimeanza na hilo ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Uchumi sikuusomea. Ila hiyo "tija" inayotajwa kwenye hotuba mimi naishi nayo karibu, maana ndiye ninayepigiwa simu ikikatika katikati ya msimu, beringi imesagika, na wakulima wamekaa juu ya magunia wananitazama kama mimi ndiye niliyeisaga.

Kila Juni bajeti ya serikali husomwa bungeni, hapa hapa kwetu. Redio ya karakana hufunguliwa sauti ya mwisho na ubishi huanza kabla waziri hajafika mbali. Uchumi ulikua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023, ukakua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024. Kijana wangu wa kuchomelea akisikia namba hizo huuliza, "Umekua kwa nani, bosi?" Jirani yetu wa duka la spea humrukia: "Wewe miaka kumi iliyopita ulikuwa na simu? Ulikuwa na viatu vya kazi? Acha kelele." Hapo chai inapoa, hakuna anayefanya kazi, na mimi ndiye nalipa kodi ya fremu.

Nimewasikiliza vya kutosha na sikubaliani na hata mmoja wao moja kwa moja. Anayesema hakuna kilichokua hajatembea. Anayesema kimekua na basi, hajauliza kimemfikia nani kwa njia gani. Ubishi wa hivi, kwa fundi, haumalizwi kwa sauti. Unafungua mashine.

Kuna mama mmoja mwenye kinu upande wa Kongwa, karibu na barabara kuu, ambaye nimemhudumia tangu enzi za dizeli. Injini yake ilikuwa ile ya kupiga hendeli, inayopozwa na maji ya pipa. Asubuhi ya baridi vijana wawili walipokezana hendeli mpaka jasho, ikikataa wanaimwagia maji ya moto, ikikubali inatoa moshi mweusi kijiji kizima kinajua mama leo anakamua. Siku nzuri ilitoa magunia kama ishirini. Wakulima walikuja na unga na sufuria zao kwa sababu walijua watalala. Walilala juu ya magunia yenyewe. Gunia la alizeti lisipolaliwa usiku, asubuhi linakuwa limekonda.

Kisha umeme vijijini ukafika, ule wa REA, wakala wa nishati vijijini, wa kuunganishiwa kwa shilingi 27,000. Kinu cha mama kilikuwa pazuri, laini iliyopita pale ni ya fezi tatu, yenye nguvu ya kuzungusha mota kubwa. Akachukua mkopo, akanunua mota na mashine kubwa zaidi. Msingi niliumwaga mimi, mashine niliifunga mimi, na siku ya kuiwasha nilikaa na mkono kwenye swichi kuliko ninavyokaa na mkono kwenye simu. Sasa siku ya msimu anakamua magunia sitini. Siku ni ileile, jua ni lilelile, watu ni wachache zaidi, na mafuta ni mara tatu. Kama hujawahi kuiona tija kwa macho, ndiyo hiyo.

Sasa tuulize mafuta yale ya ziada yameenda wapi.

Tuanze na vijana. Zamani walikuwa sita: wawili wa injini, mmoja wa kulisha mashine, wawili wa kubeba, mmoja wa kuchuja. Leo wako watatu. Wanalipwa kwa gunia, na malipo ya gunia moja yameshushwa, lakini magunia ni mengi, kwa hiyo jioni wanaondoka na hela kidogo zaidi ya zamani. Migongo yao inajua kwa nini. Wale watatu waliotoka, mmoja amerudi kulima. Wa pili yuko Mtumba, kwenye majengo ya Mji wa Serikali, saidia fundi. Wa tatu anaendesha bodaboda hapa Dodoma, pikipiki ya mtu, kila jioni apeleke hesabu kwa bosi kabla hajanunua unga. Kwenye vitabu vya takwimu vijana hawa wawili wa mjini wamepanda daraja, wametoka kwenye mazao wameingia kwenye ujenzi na huduma. Huyu wa Mtumba kwa kweli amepanda, mwenyewe anasema, ila kazi ya zege ikiisha huwa anakaa wiki anasubiri kuitwa. Huyu wa bodaboda nikimuuliza anacheka tu, anasema, "Fundi, wewe niulize siku mvua ikinyesha."

Mama mwenye kinu amefaidi, na sitaki kuficha hilo kwa sababu tu kulalamika kunanoga. Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Msimu uliofuata kikafunguliwa kinu kingine umbali wa kilomita chache, bei ya kukamua gunia ikashuka, na sasa faida yake kubwa iko kwenye mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua, anayowauzia wafugaji wa kuku wa mjini na malori yanayokwenda Kenya. Nyumba ameezeka bati la msauzi. Mtoto yuko chuo.

Mkulima naye amefaidi, kwa namna fulani. Halali tena kwenye magunia, anakuja asubuhi, mchana anarudi na madumu yake, na gunia zuri bado linakaribia kujaza dumu la lita ishirini. Analipia kukamua pungufu ya zamani. Lakini hapa ndipo pagumu, na ndipo wanapopita haraka wale wanaotuhubiria kuongeza uzalishaji. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda bei dunia nzima. Vita vya Ukraine viliizuia nchi inayoongoza kwa kuuza mafuta ya alizeti duniani. Serikali nayo ilikuwa imegawa mbegu za ruzuku katika mikoa mitatu, Dodoma, Singida na Simiyu. Watu wakalima. Nasema walilima, mpaka viwanja vya mpira. Mwaka 2023 wakavuna, na bei ya dunia ilikuwa imeshashuka, mafuta ya mawese kutoka nje yameingia kwa bei ndogo, na alizeti ikawa haina mtu. Nilipita vijiji ambavyo magunia yalikuwa yamepangwa ndani ya nyumba mpaka watoto wanalala jikoni. Watu wale walikuwa wamefanya kila kitu walichoambiwa: mbegu bora, eka zaidi, palizi mara mbili. Mazao yakaongezeka, hela ikapungua.

Na mwaka huohuo, kule Chang'ombe mjini, mama anayekaanga maandazi na kununua mafuta kwa kupimiwa alipumua. Kushuka kulekule kwa bei kulikomlaza mkulima na deni, kulimwachia yeye hela ya kuongeza unga. Wakati mwingine ni ndugu kabisa, dada yuko shamba, mdogo wake yuko mjini, na habari njema ya mmoja ni mbaya kwa mwingine. Sijui mchumi anawajumlishaje hawa wawili akapata asilimia moja.

Kinu kile kimoja kimenifundisha hivi: tija ikipanda, faida haiendi kwa aliyetoka jasho zaidi. Inakwenda kwa mwenye kitu ambacho wengine hawana, iwe laini ya fezi tatu, kiwanja kando ya barabara, au ghala la kusubiria bei. Asiye na kitu cha namna hiyo hupata masalia kupitia bei za dukani, zikishuka. Ndiyo imani yangu, na mpaka sasa sijaona mashine iliyonikanusha.

Watu wa Kibaigwa wananielewa haraka nikiwaambia kwamba pato la taifa ni lumbesa. Gunia la lumbesa linaitwa gunia moja, linahesabiwa moja, linalipwa moja, lakini limejazwa kwa juu na kushonwa kofia mpaka limebeba karibu moja na nusu, na ile nusu ni ya mkulima. Anayehesabu magunia tu hatakosea hesabu hata siku moja, na hatajua nani ameibiwa. Hata wenye hesabu zao walilijua hili mapema. Simon Kuznets, yule mchumi aliyeandaa makadirio ya pato la taifa la Marekani miaka ya 1930, alilionya Bunge la nchi yake katika ripoti ya 1934 kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye namba hiyo. Wakachukua namba, onyo wakaliacha mezani.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza kwenye nchi za kipato cha kati cha chini. Mstari ulikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, sisi tukawa na 1,080. Tumepita kwa dola arobaini na nne, bei ya beringi mbili nzuri. Nilifurahi, sitanii, mtu huwezi kuchukia nchi yako kupanda. Lakini hebu tugawe kwa vichwa. Asilimia tano na nusu ya ukuaji ni ya nchi nzima, na nchi yenyewe inaongezeka watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, sawa na ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka. Ukitoa hapo, kinachobaki kwa kichwa ni asilimia mbili na ushei, na hiyo ni kabla hujauliza kimegawanywa vipi.

Kimegawanywaje? Utafiti wa bajeti za kaya wa 2011/12 ulionyesha asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara hawamudu mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukaonyesha asilimia 26.4. Hiyo ni miaka ambayo uchumi ulikuwa unatajwa kukua kwa asilimia sita na zaidi karibu kila mwaka. Umaskini ulipungua kwa pointi isiyofika mbili, na ukizidisha asilimia hizo kwa idadi ya watu, maskini wenyewe waliongezeka, kutoka kama milioni 12 hadi kama milioni 14. Sababu haijafichwa. Karibu theluthi mbili ya wafanyakazi wa nchi hii wako kwenye kilimo, na kilimo kinatoa robo tu ya pato. Dhahabu inaingiza fedha za kigeni kuliko bidhaa nyingine yoyote tunayouza nje, lakini mgodi mkubwa hauajiri wilaya nzima. Ujenzi unakua, benki zinakua, mawasiliano yanakua. Mzee wa Mpwapwa mwenye eka tatu za uwele yuko mbali na vyote hivyo, hata kama kijiji chake kina mnara wa simu.

Mtu akifika hapo kwenye ubishi, lazima atokee mwingine aseme, "Basi waleteeni wakulima matrekta." Mimi mzaliwa wa Kongwa. Kwetu neno hilo tunalisikiliza kwa jicho moja.

Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta. Walikuwa wametoka vitani, mafuta ya kula yamewaadimikia kwao, wakaamua kulima karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni tatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walinunua mashine zilizobaki jeshini, mpaka vifaru wakavigeuza matrekta. Babu yangu alikuwa kwenye genge la kung'oa visiki, na hadithi yake ilikuwa moja tu, aliirudia mpaka tukaishika: mizizi ya pori lile ilivunja vyuma vya wazungu kama mtu anavunja bua la mtama, na kiangazi kilipoingia udongo ukawa saruji, karanga zikakaa chini hazitoki. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa. Hasara pauni milioni 36 na zaidi. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi, na ng'ombe hawajawahi kulalamika kuhusu udongo. Wagogo waliokuwa wakiishi pale walijua kabisa mvua ya kwetu inakuja Desemba na inaweza kuondoka Februari bila kuaga. Hakuna aliyewauliza. Sipingi matrekta, nakula kwa mashine. Napinga mashine inayofika kabla ya swali.

Turudi mjini, maana Dodoma yenyewe ni somo la ukuaji, na mimi nimo ndani.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, ukalala usingizi mrefu, ukaamshwa 2016 Rais Magufuli alipotangaza serikali inahamia. Mei 2017 CDA, mamlaka iliyokuwa ikishika ardhi ya mji huu tangu mwanzo, ikavunjwa. Aprili 2018 tukawa jiji. Mwaka 2012 Dodoma mjini palihesabiwa watu kama laki nne na elfu kumi na moja, mwaka 2022 laki saba na elfu sitini na tano. Mtu aliyeondoka hapa akiwa mwanafunzi akarudi leo atauliza njia ya nyumbani kwao.

Kwangu mimi hayo yote yameingia mfukoni kutoka pande mbili na kutoka pande mbili pia. Wateja wameongezeka. Watumishi waliohamia wananunua alizeti ya kukamuliwa kienyeji, wanaamini ni safi, na vinu vikifanya kazi mimi nafanya kazi. Fremu ya karakana nayo imepanda zaidi ya mara mbili, na mwenye nyumba siku hizi hataki kusikia habari ya kodi ya mwezi, anataka miezi sita mkononi. Nilikopanga zamani nimeshindwa, nimesogea Mkonze. Ukinijumlisha, nimekua. Ukiniuliza kama nalala vizuri zaidi, itategemea ni mwezi gani wa ile miezi sita.

Mjomba wangu habari yake ndiyo ngumu. Alikuwa na shamba la zabibu pembeni ya mji. Mwaka 2010 aliuza eka mbili kwa hela iliyomnunulia ng'ombe wanne, akaonekana mjanja, zabibu zilikuwa zinamsumbua, mnunuzi anakuja akitaka na bei anapanga yeye. Leo eka zile ni viwanja, zina kuta na mageti, na kiwanja kimoja pale hakiuzwi kwa ng'ombe ambao mjomba amewahi kuwaona maishani. Hakuna aliyemdanganya. Ukuaji ulikuwa njiani unakuja, na ukafikia ardhi siku ambayo ilikuwa imeshapata mwenyewe mwingine.

Treni sasa. Hapa nitaisifu bila kubana. SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nauli ya kawaida shilingi 31,000, maisha yangu yalibadilika kwa kiasi ambacho hotuba haijawahi kuyabadilisha. Spea zangu nyingi zinatoka Gerezani, ule mtaa wa spea wa Dar es Salaam. Zamani kufuata shafti moja ni siku ya kwenda, usiku wa gesti, siku ya kurudi, na huku kinu cha mtu kimesimama. Sasa naondoka alfajiri, saa nne hazijaisha niko Dar, nazunguka Gerezani nikibishana bei, na jioni niko kwenye kiti narudi na beringi mapajani. Kinu kinachosimama siku moja badala ya tatu, faida yake inamfikia mpaka mkulima. Jambo la namna hii, reli, barabara, laini ya umeme, lina sifa ambayo mashine ya mama haina. Huwezi kulifungia ndani. Akipita tajiri, maskini naye anapita. Ila hata hapo wapo walioachwa: wauza nyanya na vitunguu wa Dumila na Gairo, waliokuwa wakikimbilia madirisha ya mabasi. Treni haina dirisha la kununulia nyanya.

Na hospitali. Mama yangu mkubwa aliugua figo. Zamani ugonjwa huo kwa mtu wa Dodoma maana yake ilikuwa kuhamia Dar es Salaam, upange chumba karibu na Muhimbili, au ukae nyumbani usubiri. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na kusafisha damu kunafanyika. Nchi ambayo uchumi wake haukui haijengi kitu kama kile, hapo jirani yangu wa spea ameshinda ubishi, nampa. Lakini kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, na asiye na bima huanza na mbuzi, akaja kwenye ng'ombe, akaishia kwenye shamba. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023. Ukoo wetu ulichangishana kwenye grupu la WhatsApp, na anayejua grupu za kuchangishana anajua zinavyonyamaza ikifika mwezi wa nne. Shule nazo, ada iliondolewa mpaka kidato cha nne tangu 2016 na kidato cha tano na sita tangu 2022, na binti yangu amefaidi, na darasa lake lina watoto wa kujaza treni.

Julai 2025 ilizinduliwa hapa Dodoma Dira ya 2050. Inataka ikifika mwaka huo pato la mtu mmoja liwe dola 7,000. Nitakuwa mzee wa kusinzia barazani, na ningependa sana iwe kweli. Swali langu ni la kifundi tu, dola hizo zitapita kwenye waya gani?

Naliuliza kwa sababu ya wanawake wa kikundi kimoja upande wa Chamwino. Wanalima alizeti, na wakati wa mavuno mnunuzi anakuja na lori na magunia yake ya lumbesa, anachukua zote kwa bei ya mavuno. Ikifika Januari wanawake walewale wananunua mafuta ya alizeti dukani, bei imekaribia mara mbili. Wamepiga hesabu wenyewe kwenye daftari la mtoto, nimeliona, na hesabu imenyooka: wakikamua kijijini, mafuta wanabaki nayo, mashudu wanauza kwa wafugaji, na mbegu hawaiuzi mpaka watakapo wao. Wakaniita niwafungie mashine kama ya mama wa Kongwa. Umeme upo, nguzo ziko mpaka kanisani.

Nikapanda nao mpaka mwisho wa laini. Fezi moja. Inawasha taa, inachaji simu, inagandisha barafu za watoto. Mota ya kuendesha kinu kile haiwezi kuigeuza. Kwenye orodha ya vijiji vyenye umeme, kijiji hicho kimo, kimehesabiwa, na sherehe ilifanyika. Kuleta fezi tatu kutoka barabarani ni kilomita kadhaa, na tumeambiwa tusubiri bajeti.

Mwenyekiti wao, mama mwenye akili ya haraka kuliko mimi, akaniuliza, "Baba, sasa huko kusubiri, alizeti nayo itasubiri?"

Kwa hiyo tunarudi nyuma. Tutafunga injini ya dizeli, ileile ya hendeli na pipa la maji, mwaka huu wa treni ya umeme. Nimewaambia ukweli wote: kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, ikitangaza bei mpya ya dizeli, na faida yao itatangazwa siku hiyohiyo. Nimewaambia pia wanunue mashine ambayo siku fezi tatu ikija nitabadilisha pulii tu na kuifunga mota, wasianze upya. Wameomba ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, fungu la wanawake, na wakati wanasubiri wamechangishana kwa ajili ya saruji. Lori la lumbesa limeshapiga simu kuulizia mavuno, wakalijibu mwaka huu hawauzi kwa gunia, wanauza kwa mzani.

Ninachotafuta sasa ni injini iliyotumika, nguvu ya farasi ishirini hivi, ambayo haijawahi kufunguliwa na fundi wa majaribio. Mwenye kuifahamu ilipo anishtue kabla ya Aprili. Usafiri juu yetu, na kabla ya kulipa nitaiwasha mwenyewe asubuhi, ikiwa ya baridi, bila maji ya moto.